Malengo 101 ndani ya siku 1001: kuna mtu kashawahi kumaliza au najidanganya?

#1 Kaunta Buku (Des 27, 2024)

Wakuu salaam.

Juzi nahamisha vitu chumbani, bati linavuja upande wa kitanda, nikakutana na daftari langu la 2019. Ndani nimeandika kwa herufi kubwa MALENGO YA 2019, yako manane. La kwanza kiwanja, la pili leseni ya gari, la tatu kujifunza kuogelea. Nikacheka, afu kicheko kikaisha chenyewe, maana nilikua na karatasi ya 2025 mfukoni na humo leseni ipo na kuogelea kupo. Kiwanja nilipata 2022 huko Chanika, 20 kwa 20, sasa hivi kwenye karatasi mpya mahali pake pameandikwa "msingi".

Jamaa mmoja kazini akaniambia achana na malengo ya mwaka, kuna utaratibu wa kuandika mambo 101, madogo kwa makubwa, unajipa siku 1001 yani miaka mitatu. Nimekaa siku nne na kaunta buku ya kwaya mbili nimefikisha 101. Naanza Januari mosi. Baadhi ni haya: kupandisha msingi Chanika, kumaliza CPA (mitihani ya uhasibu), leseni, kuogelea (nimezaliwa Temeke bahari naiona kila siku lakini maji yakifika kifuani natoka), kupanda Kilimanjaro mita 5,985, kusoma Biblia yote, kupanda treni ya TAZARA mpaka Kapiri Mposhi huko Zambia, kupika pilau bila kumuuliza mtu, kumrekodi bibi Korogwe asimulie maisha yake, kutengeneza koki ya jikoni, kuacha kukopa kopa kwenye simu, na mengine siwezi kuyataja hapa mke wangu anasoma hili jukwaa.

Umri 34, mke, watoto wawili, kazi stoo kipa. Swali: kuna mtu kafanya hii kitu akamaliza? Na muda unatosha au najipa presha ya bure?

#2 Mpiga Debe Mstaafu

Nimewahi siti ya mbele. Mtoa mada hiyo koki inavuja tangu lini?

#3 Hesabu Fasta

Mkuu sahihisho mawili kabla hujaanza kujipanga. Moja, siku 1001 sio miaka mitatu. Ukianza Januari 1, 2025, 2025 na 2026 zinakula siku 730, zinabaki 271, yani unaishia Septemba 28, 2027. Umejiongezea miezi mitatu kichwani. Pili Kilimanjaro ni 5,895 sio 5,985, ukitafuta hizo mita 90 za juu utapaa.

Malengo 101 kwa siku 1001 ni lengo moja kila siku 10 kasoro kidogo. Sasa kaa na mke wako ujiulize lini mara ya mwisho mlimaliza jambo lolote kila baada ya siku kumi, zaidi ya gesi.

#4 Kaunta Buku

@Mpiga Debe Mstaafu tangu mwezi wa nne 😅

@Hesabu Fasta asante mkuu nimerekebisha. Hiyo ya gesi mke kashaisoma anacheka peke yake huko.

#5 Balozi wa Mafanikio

Kijana usikatishwe tamaa na wapiga hesabu. Mwaka 1953 chuo cha Yale Marekani waliwauliza wahitimu nani kaandika malengo yake, asilimia 3 tu ndo walikua wameandika. Baada ya miaka 20 wakafuatiliwa, wale asilimia 3 walikua na utajiri kuliko wale 97 wote ukiwajumlisha. ANDIKA. Kalamu ina nguvu.

#6 Profesa wa Kijiweni

@Balozi wa Mafanikio hiyo hadithi naiheshimu kwa sababu imelisha watu wengi wa semina, ila huo utafiti haukuwahi kufanyika. Watu wameutafuta mpaka chuoni kwenyewe, haupo. Kuna wanaosimulia ni Yale 1953, kuna wanaosimulia ni Harvard 1979, asilimia ni zilezile tatu. Ukiona hadithi inahama chuo na asilimia hazibadiliki, jua hiyo ni ngano.

Ulio wa kweli ni huu. 1994 watafiti kina Buehler waliwaambia wanafunzi waliokua wanamalizia tasnifu wakadirie watamaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani wakasema 34. Wakaambiwa haya kadirieni kila kitu kikienda mrama, wakasema 49 hivi. Walichukua 55. Yani hata binadamu akijitabiria balaa bado anajipendelea. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walishaliandika hilo tangu 1979, kwamba mtu akipanga anaangalia kazi iliyo mbele yake, haangalii zile alizowahi kuchelewesha huko nyuma.

Dawa yao ni kuangalia rekodi. Mtoa mada umetupa rekodi mwenyewe, daftari la 2019 malengo manane. Yametimia mangapi?

#7 Balozi wa Mafanikio

Hata kama haukufanyika, ujumbe si uko palepale?

#8 Mpiga Debe Mstaafu

@Balozi wa Mafanikio 😂😂😂 hii naiandika ukutani

#9 Kaunta Buku

@Profesa wa Kijiweni mawili. Kiwanja na kuoa. Na kuoa sikukuandika mimi, aliandika yeye kwa kalamu nyekundu.

#10 Mama Chapati wa Tandale

Habari zenu. Mimi cjasoma sana lakini biashara nimeanza na kilo mbili za ngano. Ukutani nyuma ya jiko nina mistari ya mkaa, kila kiroba cha kilo 25 kikiisha napiga mstari, mistari ikifika kumi namlipa mwalimu wa tuisheni wa mwanangu afu nafuta naanza upya. Hakuna tarehe. Kuna miezi kumi inafika wiki tatu, kuna miezi kama ule wa mafuriko ilichukua wiki saba na chapati zinaliwa na sisi wenyewe. Nyie mnaweka tarehe kwanza afu mnaikimbiza, mi nahesabu kazi tarehe inajileta. Izo 101 zote unazikumbuka bila kufungua daftari?

#11 Kaunta Buku

Nimejaribu bila kuangalia, nimefika 37 mama. Hiyo imeniuma.

#12 msee_wa_naks

Niaje wasee, mimi niko Nakuru. Sisi tulifanya hii kitu na mabeshte watano kwa chama yetu. Kila mtu aliandika vitu 20 za mwaka mmoja, si 101, na kwa kila moja ukapea tarehe, ukipita tarehe unalipa faini ya mia tano kwa kitty. Mwaka ya kwanza hakuna mtu alimaliza lakini kitty ilinunua mbuzi wawili Disemba 😂 So malengo hayakufika lakini nyama ilifika. Mwaka ya pili watu wakakuwa wajanja, wakaandika vitu rahisi ka "kunyoa kila wiki mbili", "kupigia mathe Jumapili". Chama ikakosa pesa.

Hapo ndio nilijifunza, ukiweka adhabu watu wanapunguza ndoto, ukitoa adhabu wanapunguza kazi. Sijui gani afadhali.

#13 Shombo la Feri

@Kaunta Buku kuogelea hakuhitaji siku 1001. Njoo Feri saa kumi na moja alfajiri uulize mashua yoyote, utaogelea kwa lazima.

#14 Ngamia wa Muscat

Assalam aleikum. Naandika nikiwa Muscat, kazi za ndani, huu mwaka wangu wa pili unaelekea kuisha. Nilichojifunza ni kwamba siku zangu sikuzichagua mimi, mkataba ni miaka miwili, siku 730, na kila mtu huku anazihesabu kama mfungwa japo wengine tupo kwa watu wazuri. Orodha yangu ina mambo tisa tu, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu, nikifungua kuchukua nguo naiona. Tofali elfu mbili, bati, ada ya mdogo wangu chuo, meno ya mama, cherehani, na mengine.

Tofali kaka yangu alinitumia picha kila mwezi, nikawa napiga mstari kwenye orodha. Mwezi wa tisa mwanangu akanitumia video ya kiwanjani, anaonesha mbuzi wake. Nyuma pale hakuna tofali hata moja. Picha zote zilikua za kiwanja cha jirani.

Kwa hiyo lengo langu la kwanza lilikua limetimia kwenye mlango wa kabati peke yake. Mtoa mada, yale 101 yahesabu kwanza mangapi yako mkononi kwako na mangapi yako mkononi kwa mtu. Yaliyo kwa mtu usiyape tarehe, yape jicho.

#15 Mama Chapati wa Tandale

Pole sana mwanangu. Huyo kaka Mungu anamuona.

#16 Mpiga Debe Mstaafu

@Ngamia wa Muscat pole dada, hapa sina utani.

#17 Hesabu Fasta

Pole dada. Nikirudi kwenye mada na hiyo point yake, mtoa mada chukua CPA. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni mwezi wa tano na wa kumi na moja. Kati ya Januari 2025 na Septemba 2027 una misimu mitano tu: Mei 25, Novemba 25, Mei 26, Novemba 26, Mei 27. Hiyo Novemba 27 ipo nje ya siku zako 1001. Yani lengo hilo huwezi kulipangia "siku 10", lina kalenda yake, ukifeli somo moja umepoteza miezi sita sio siku sita. Dedilaini ya kweli unaichukua kwa mwenye mtihani.

#18 Bint Makunduchi

Nimeipenda hiyo ya @Hesabu Fasta. Mie wangu mpango mdogo, nataka kukhitimu msahafu nyumbani pamoja na wanangu. Juzuu thalathini, Ramadhani siku thalathini au ishirini na tisa, basi juzuu kwa siku. Sikuhesabu siku 1001, nimehesabu Ramadhani. Ndani ya muda wako zimo tatu, ya 2025, ya 2026 na ya 2027. Ya kwanza najua tutafika juzuu kumi na mbili tu kwa sababu futari nani atapika? Ya pili ishirini. Ya tatu inshaallah.

Huko bara mnapenda sana kuandika tarehe kama mnaandikia bosi.

#19 Kaunta Buku

@Bint Makunduchi 😂 bosi mwenyewe ndo mimi na ndo anayenionea.

Biblia nimepiga hesabu, sura 1,189 kwa siku 1001 ni sura moja na kidogo kwa siku. Hiyo naona nyepesi.

#20 Katekista Mdogo

Inategemea, 1,189 ni za vitabu 66. Ukiwa Mkatoliki una vitabu 73, ongeza Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira na wenzao. Halafu hesabu ya sura moja kwa siku inakudanganya, maana Zaburi 117 ina mistari miwili na Zaburi 119 ina mistari 176. Watu wengi wanafia Mambo ya Walawi, karibu na mwisho wa mwezi wa tatu kwa mwendo wako. Ukivuka pale utamaliza.

#21 Mpiga Debe Mstaafu

Mimi nilifia Hesabu 😂 majina yale ya makabila na idadi ya watu

#22 Balozi wa Mafanikio

Tabia inajengwa kwa siku 21. Soma siku 21 mfululizo, ya 22 mwili wenyewe utadai.

#23 Profesa wa Kijiweni

@Balozi wa Mafanikio ndugu yangu leo utanichosha. Hiyo 21 ilitoka kwa daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, 1960, alikua anaongelea wagonjwa kuzoea sura zao mpya, na yeye alisema *angalau* siku 21. Lally na wenzake huko London walipofuatilia watu wanaojijengea tabia mpya, wastani ulikua siku 66, wa haraka 18, wa mwisho 254 kwa makadirio. Na ilikua vitu kama kunywa maji na chakula cha mchana, sio Mambo ya Walawi.

#24 Kibubu cha Mbao

Wakuu mnazunguka, tatizo ni HELA. Nusu ya hayo malengo ni hela. Mimi niliwahi fanya ule mchezo wa wiki 52, wiki ya kwanza unaweka buku, ya pili buku mbili, mpaka wiki ya 52 unaweka elfu 52. Mwisho unapata milioni moja na laki tatu. Nilifika wiki ya 41 nikavunja kibubu kwa panga.

#25 Hesabu Fasta

Milioni 1 na 378,000 mkuu. Na ndo maana ulivunja, angalia ulivyopangwa: wiki nne za mwisho zinataka 49, 50, 51 na 52, jumla 202,000, na zimeangukia Desemba ambayo una nauli ya kwenda kijijini, nguo za watoto, na Januari ada. Geuza, anza na 52 Januari ushuke, Desemba unaweka buku buku.

#26 Kibubu cha Mbao

@Hesabu Fasta Januari ndo nianze na elfu 52?? Wewe unaishi nchi gani?

#27 msee_wa_naks

Njaanuary 😂😂 hapo Hesabu ameanguka.

#28 Hesabu Fasta

Basi anza mwezi wa saba 🙄

#29 Mzee wa Loliondo Gate

Vijana mimi nilikua naongoza watalii zamani, sasa nimestaafu niko Moshi. Huyu mtoa mada ananikumbusha Mmarekani mmoja John Goddard. 1940 akiwa na miaka 15 aliandika mambo 127 anayotaka kufanya maishani. Kilimanjaro ilikuwemo, mto Nile ulikuwemo, kwenda mwezini kulikuwemo. Na Nile aliupita kweli kwa kayaki yeye na Wafaransa wawili, wakaanzia kwenye vyanzo vya Kagera, 1950 kwenda 51. Aliyafanya zaidi ya 100. Amefariki 2013 akiwa mtu mzima wa karibu miaka 89, mwezini hakufika.

Sasa ona, hakuweka siku 1001. Alijipa maisha.

#30 Mpiga Debe Mstaafu

Mzee na huyo Goddard alikua na msiba wa shangazi kila mwezi kama sisi? Mchango wa harusi? Kipaimara? Watu hawa walikua wanapiga kasia mwaka mzima hakuna anayempigia "umefika wapi kikao kinaanza".

#31 Mzee wa Loliondo Gate

Hahaha hapo sina jibu kijana.

Ila kuhusu Kilimanjaro, @Kaunta Buku, wewe ni raia, kiingilio cha hifadhi kwako ni kidogo sana ukilinganisha na mgeni, lakini lazima upande na muongozaji. Kwa mara ya kwanza tumia Marangu, kule unalala vibandani, Mandara, Horombo, halafu Kibo. Ongeza siku moja Horombo ya kuzoea hewa, usijifanye kidume. Viatu njoo ununue mtumba hapa soko la Memorial, usinunue vipya vikakuchubua. Wabongo wengi wanapandaga karibu na Desemba 9, ndo siku Luteni Nyirenda aliwasha mwenge kule juu 1961.

#32 Nusu Kilele

Mimi nilifika Kibo Hut, mita elfu nne na mia saba na ushee, saa tano usiku wenzangu wanavaa kwenda kileleni mimi natapika kwenye ndoo. Nikarudi. Kwenye orodha yangu nilipiga nusu tiki. Mke wangu ananiuliza nusu tiki ndo nini. Wakuu hiyo inahesabika au haihesabiki?

#33 Shombo la Feri

Haihesabiki. Samaki aliyefika mdomoni mwa mashua akakata kamba humuuzi.

#34 Mama Chapati wa Tandale

Inahesabika baba. Mi hapo Pugu tu nachoka.

#35 Profesa wa Kijiweni

Kwangu inahesabika kama lengo lingine. Aliandika "kupanda", hakuandika "kufika kilele cha Uhuru". Neno uliloandika ndo hakimu.

#36 Reli ya Uhuru

Kuna mtu kataja TAZARA huko juu. Niwakumbushe kwamba Profesa anasema kila mpango unachelewa lakini ile reli ilianza 1970 ikatandikwa mpaka mwisho 1975, kilomita 1,860, madaraja, mahandaki, na ilimalizika KABLA ya muda. Kwa hiyo inawezekana, ni nidhamu tu.

#37 Mpiga Debe Mstaafu

@Reli ya Uhuru ile ilijengwa na maelfu na maelfu ya Wachina, Watanzania na Wazambia, wanalala kambini. Huyu yuko peke yake na kaunta buku na koki inavuja.

#38 Reli ya Uhuru

Ok nimeelewa 😂

#39 Mjukuu wa Pili

Sipendi kuandika humu ila hii ya bibi imenigusa. Nilikua na orodha kama hii 2021, mambo 60. La 43 lilikua kumrekodi bibi yangu mzaa mama, alikua anajua ukoo wetu mpaka mtu wa saba. Nikalipanga mwaka wa pili kwa sababu mwaka wa kwanza nilitaka ninunue simu yenye kamera nzuri. Simu nilinunua mwezi wa sita, nikapiga tiki. Bibi alifariki mwezi wa saba. Nimebaki na simu. Majina najua matatu.

@Kaunta Buku lako ni la ngapi kwenye daftari?

#40 Kaunta Buku

La 77. Pole sana ndugu yangu.

#41 Ngamia wa Muscat

Mpigie leo leo.

#42 Kaunta Buku

Hasikii kwenye simu dada, anapokea anasema "halo halo" anakata.

Wakuu asanteni, nimesoma zote. Sijaamua. Mama Chapati anasema hesabu kazi, Hesabu anasema angalia kalenda ya mwenye mtihani, Profesa anasema mimi ni wa 2 kwa 8. Mke anasema koki. Naanza Jumatano.

---

#43 Mpiga Debe Mstaafu (Ago 10, 2025)

Nafufua uzi. @Kaunta Buku uko hai? Tunataka ripoti.

#44 Kaunta Buku

Nipo mkuu. Niwe mkweli.

Nimepiga tiki 14. Leseni ninayo, daraja D, mkononi, picha nimetoka kama mwizi. Pilau nimepika Eid kwa jirani wakala wakaomba tena, japo wali wa chini uliungua nikauficha. Biblia niko Kutoka, usiniulize. CPA mwezi wa tano nilikaa, somo moja limenikataa. Msingi Chanika bado ni kiwanja ila nina tofali mia sita na nimezihesabu MWENYEWE @Ngamia wa Muscat, moja moja, siku ya jua kali, fundi ananiangalia kama nimechanganyikiwa.

Kuogelea naelea chali. Chali tu. Nikigeuka nazama.

Mengine 19 nimeyafuta. Kuna moja lilikua "kujifunza Kifaransa" sijui niliandika nikiwa na hali gani.

Bibi nilienda Pasaka. Nimefika Korogwe Jumamosi saa kumi jioni, nimetoa simu, nimeiegemeza kwenye bakuli, nimemwambia bibi simulia. Akaiangalia ile simu akaniuliza umekula? Afu akanipa ungo wa kunde nipukuchue. Nikapukuchua, naye akaanza kuongea bei ya mkonge enzi hizo, nani alikua nyapara, nani alimuibia nani ndoo. Kila nikimuuliza jina la babu yake anasema "yule mkali" anaendelea na ndoo. Nina dakika 40, nusu ni kuku. Jina lilitoka mwishoni kabisa nimeshazima simu nabeba begi. Nikaliandika kwenye kiganja kwa kalamu mpaka nimefika stendi.

Nimepiga tiki nzima hiyo.

#45 Mjukuu wa Pili

🙏🏽

#46 Profesa wa Kijiweni

Hiyo ya kufuta 19 naomba usiipite haraka. Ulizifuta au ulizishindwa? Ni vitu viwili.

#47 Kaunta Buku

Nikijua nitakujibu.

#48 Mama Chapati wa Tandale

Kunde za Korogwe si unieletee.

#49 Hesabu Fasta

Leo ni siku ya 222. Kwa mwendo wa 101 ulitakiwa uwe na 22. Unadaiwa 8. Ukitoa yale 19 yanabaki 82, basi ulitakiwa uwe na 18, unadaiwa 4. Chagua deni unalotaka.

#50 Balozi wa Mafanikio

Hongera sana kijana. Wale asilimia 3 ndo nyie.

#51 Profesa wa Kijiweni

Jamani.

#52 Bint Makunduchi

Mie Ramadhani ilopita tulifika juzuu ya tisa. Nilikwambieni futari.

#53 Shombo la Feri

@Kaunta Buku anayeelea chali hajui kuogelea, anajua kusubiri. Jumamosi alfajiri nipo, uliza mashua ya bluu.

#54 Mpiga Debe Mstaafu

Mtoa mada umetaja leseni, pilau, bibi, tofali. Koki?

#55 Kaunta Buku

Washa ya koki imeliwa, nikafunga na mpira wa baiskeli. Haidondoki mchana, usiku inadondoka.

#56 Nusu Kilele

Hiyo ni nusu tiki mkuu, karibu kundini.

#57 Mke wa Kaunta Buku

Haihesabiki.